Bibi Salme, Binti wa Seyyid Said

Katika historia twasoma mara nyingi habari za wafalme waliounganisha nchi na majemadari walioshinda vita. Katika somo hili tutasoma habari za mwanamke mmoja wa Unguja ambaye hakuwa na jeshi, wala hakutawala hata kijiji. Lakini maisha yake yalifungamana na kuzaliwa kwa dola kubwa ya Ulaya, yaani Ujerumani. Tukiyafuata maisha yake tutaona jinsi nchi ile ilivyounganishwa, jinsi nguvu zake zilivyofika hata katika bahari yetu ya Unguja na Pemba, na jinsi mtu mnyonge awezavyo kutumiwa na wakubwa, kisha akaachwa.

1. Utoto wake Mtoni

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, lililojengwa ufuoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja na Pemba na sehemu kubwa ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Mama yake, jina lake Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa nchi ya milima ya Kaukasi. Alitekwa vitani angali mtoto, akauzwa, hata akafika katika nyumba ya Sultani. Katika jumba lile walikaa watu wapatao elfu moja, wake wa Sultani na watoto wake na watumishi na watumwa. Na humo zilisikiwa lugha nyingi, Kiarabu na Kiswahili, Kiajemi na Kituruki na Kihabeshi.

Wakati ule mabinti wa nyumba za wakubwa walifundishwa kuisoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Watu waliona kwamba kalamu si kitu cha mkono wa mwanamke. Salme hakuridhika. Alitwaa mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto wa chuoni waliutumia kama kibao, akatafuta wino, akaanza kuziiga herufi za Kurani moja moja, kwa siri, bila mwalimu. Siku zikapita, mkono ukazoea, na mwisho akaweza kuandika barua. Ujuzi huo uliopatikana kwa siri ndio ulioongoza maisha yake yote, kwa mema na kwa mabaya, kama tutakavyoona.

2. Kalamu yamtia taabuni

Mwaka 1856 Seyyid Said alikufa baharini, alipokuwa akirudi Unguja kutoka Oman. Dola yake ikagawanyika: Thuwaini akashika Oman, na Majid akashika Unguja na pwani. Mwaka 1859 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Unguja, ukaua watu wengi, na mama yake Salme akawa mmoja wao. Basi binti akabaki yatima wa baba na mama, naye umri wake wapata miaka kumi na mitano tu.

Katika mwaka huo huo ndugu yake mwingine, Barghash, alitaka kumwondoa Majid katika kiti cha enzi. Barghash alihitaji mtu wa kuandika barua za siri kwa wakubwa waliomwunga mkono, na mtu huyo ilipasa awe asiyeshukiwa. Nani angeshuku kwamba msichana ajua kuandika? Salme akawa mwandishi wa waasi. Lakini habari zikavuja, na nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Dada zake wakamtorosha usiku akiwa amejifunika mavazi ya kike, akakimbilia shamba na kujifungia humo pamoja na watu wake. Majid akasaidiwa na Waingereza, uasi ukavunjwa, na Barghash akapelekwa Bombay.

Majid alikuwa mpole, hakumtia Salme kifungoni. Hata hivyo jamaa wengi walimwepuka kwa sababu ya barua zile. Hatimaye akapatana na Majid. Na alipofanya hivyo, Barghash na wale waliokuwa upande wake wakamwona kuwa msaliti. Kwa hiyo binti huyu akawa kati ya pande mbili, wala hakuwa na upande uliomtaka kwa moyo wote.

3. Wajerumani wakati ule

Sasa na tuache Unguja kidogo, tutazame Ulaya, ili tupate kuyaelewa yatakayofuata.

Katika siku zile haikuwako dola moja iitwayo Ujerumani. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikuwa watu wa lugha moja, lakini walikaa katika nchi nyingi. Shirikisho lao la zamani lilikuwa na nchi zipatazo 39, kubwa na ndogo, na kila nchi ilikuwa na mtawala wake na sheria zake. Mji wa Hamburg, ulio bandari kubwa, ulikuwa dola peke yake. Ndiyo sababu mkataba wa biashara uliofanywa na Seyyid Majid mwaka 1859 haukufanywa na Ujerumani, bali na miji mitatu ya wafanya biashara, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck. Merikebu za miji hiyo zilikuja Unguja kununua pembe za ndovu, karafuu, ngozi na simbi za pwani.

Nchi mbili kubwa, Prussia na Austria, zilishindania ukubwa juu ya Wajerumani wote. Mwaka 1862 mfalme wa Prussia alimfanya Otto von Bismarck kuwa waziri wake mkuu. Bismarck alikuwa mtu wa akili nyingi na moyo mgumu. Aliamini kwamba Wajerumani hawataunganishwa kwa hotuba wala kwa kura za baraza, bali kwa nguvu za jeshi. Akaanza kazi. Mwaka 1864 Prussia na Austria zilipigana na Denmark zikaishinda. Mwaka 1866 Prussia ikamgeukia rafiki yake wa jana, ikaipiga Austria, na vita vikaisha baada ya majuma machache. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi katika mji wa Prague tarehe 23 Agosti 1866. Tangu hapo Austria ikatolewa katika mambo ya Wajerumani, na mwaka 1867 Prussia ikaunda shirikisho jipya la kaskazini. Hamburg nayo ikaingia.

4. Safari ya usiku

Mmoja wa wafanya biashara wa Hamburg waliokaa Unguja aliitwa Rudolph Heinrich Ruete. Nyumba yake ilikuwa karibu na nyumba ya Bibi Salme mjini, na kutoka sakafuni juu mtu aliweza kumwona jirani yake. Wakafahamiana, kisha wakapendana. Lakini kwa sheria ya dini na desturi ya watu wake, haikuruhusiwa mwanamke Mwislamu kuolewa na mtu asiye Mwislamu. Tena huyu alikuwa binti wa Sultani. Mambo yalipojulikana, maisha yake yakawa hatarini.

Mwishoni mwa Agosti 1866, siku zile zile ambazo amani ilikuwa ikitiwa sahihi Prague, Bibi Salme alishuka pwani usiku, akaingia katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akachukuliwa mpaka Aden. Huko alimngoja Ruete kwa miezi mingi, na huko alizaa mtoto wake wa kwanza, ambaye alikufa angali mchanga. Tarehe 30 Mei 1867 Ruete alikwisha kufika. Siku hiyo Salme akabatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa. Kisha wakasafiri kwenda Hamburg.

5. Ugenini

Wahenga walisema, mgeni ni kuku mweupe. Bibi Salme aliuona ukweli wa neno hilo katika mji wa Hamburg. Watu walimtazama njiani kama kitu cha ajabu. Hakujua lugha yao. Yeye na mumewe walisemezana kwa Kiswahili. Hakuwa amezoea baridi, wala milango iliyofungwa, wala chakula kile, wala nyumba zisizo na bahari wala minazi. Mtu mmoja tu aliweza kusema naye lugha ya kwao, naye ni mumewe. Walijaliwa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869, na Rosalie mwezi wa Aprili 1870.

Julai 1870 vita vikatokea kati ya Prussia na Ufaransa. Majeshi ya nchi zote za Wajerumani yalikwenda pamoja, na mji wa Hamburg ukajaa bendera na habari za ushindi. Lakini nyumbani kwa Bibi Salme kulikuwa na kilio. Mwezi wa Agosti mwaka huo mumewe alianguka akishuka katika gari la abiria lililovutwa na farasi, akakanyagwa, akafa baada ya siku chache. Mjane huyu alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na mtoto wake mdogo alikuwa na miezi minne tu. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na mtu nyumbani wa kusema naye Kiswahili.

Tarehe 18 Januari 1871 wakubwa wa Wajerumani walikusanyika katika jumba la wafalme wa Ufaransa, huko Versailles, katika ukumbi mkubwa wa vioo. Hapo mfalme Wilhelm wa Prussia akatangazwa kuwa Kaizari wa Ujerumani yote. Basi nchi zile nyingi zikawa dola moja, lakini muungano huo ulitangazwa katika nyumba ya adui aliyeshindwa, na uchungu wake ukakaa katika mioyo ya Wafaransa.

Dola mpya ilikuwa na nguvu. Mjane alikuwa na shida. Kwa sheria ya Hamburg mwanamke mjane hakuachiwa kusimamia mali peke yake. Wakawekwa wasimamizi juu yake na watoto wake, na mali ikazidi kupungua. Akauacha mji ule, akahama mara kwa mara, akikaa Dresden, Rudolstadt na Berlin, akitafuta mahali pa maisha rahisi. Hapo ujuzi wake wa utotoni ukamsaidia: akafundisha Kiarabu na kupata riziki kidogo. Mkono uliojifunza juu ya mfupa wa ngamia ukalisha watoto watatu Ulaya.

Huko Unguja, Seyyid Majid alikufa Oktoba 1870, na Barghash akatawala mahali pake. Bibi Salme alitumaini kwamba ndugu aliyemwandikia barua za siri atamkumbuka, ampe urithi wake. Barghash alipozuru London mwaka 1875, dada yake alivuka bahari ili aonane naye. Lakini wakubwa wa Uingereza wakamzuia, wakampa ahadi ambazo hazikutimizwa. Akarudi mikono mitupu.

6. Manowari za Bismarck

Kwa miaka mingi Bismarck hakutaka makoloni. Aliona kwamba kazi ya Ujerumani iko Ulaya. Lakini wafanya biashara na watu wengine wa nchi yake walimsukuma, na mwaka 1884 akaanza kugeuka. Mwishoni mwa mwaka huo Carl Peters aliingia bara kutoka pwani ya Unguja, akapita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, akawapa wenyeji karatasi waweke alama zao. Wengi wao hawakuweza kujua maana ya maneno yaliyoandikwa humo. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari akatoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Seyyid Barghash alizihesabu kuwa nchi zake, akakataa, akapeleka askari.

Ndipo Bismarck akamkumbuka mjane wa Hamburg. Alikuwa raia wa Ujerumani, tena binti wa Seyyid Said, naye alikuwa na madai ya urithi. Madai yake yangeweza kuwa sababu ya kumbana Sultani. Kwa miaka mingi maombi yake hayakusikilizwa. Sasa serikali ikampa nafasi katika merikebu. Bibi Salme hakuwa mjinga, lakini alikuwa na shauku ya kuiona nchi yake. Akakubali, akasafiri pamoja na watoto wake.

Mapema Agosti 1885 merikebu iliyoitwa Adler ilifika Unguja, naye amo ndani yake. Tarehe 7 Agosti manowari tano za Ujerumani zikatia nanga mbele ya mji, karibu na jumba la Sultani. Barghash alitazama mizinga ile, akawatazama Waingereza aliokuwa akiwategemea, nao hawakumsaidia. Baada ya siku chache akakubali kuyaondoa mapingamizi yake juu ya nchi za bara.

Na Bibi Salme? Alipotembea mjini, watu wengi walimkusanyikia, wakamsalimu kwa Kiswahili na Kiarabu, wakafurahi kumwona. Lakini ndugu yake hakutaka kumwona kabisa. Kwa sheria ya Kiislamu aliyetoka katika dini hana urithi, na Barghash alisimama katika neno hilo. Serikali ya Ujerumani nayo ilikuwa imekwisha pata ilichotaka, wala haikuona haja ya kugombana tena kwa ajili ya mjane. Madai yake yakaachwa. Chambo kilikuwa na kazi mpaka samaki alipovuliwa.

Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walipatana kuhusu mipaka. Sultani akaachiwa Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, pamoja na ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka 1888 ukanda wa kusini ukakodishwa kwa kampuni ya Wajerumani, na watu wa pwani wakaondoka kupigana chini ya Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Machi 1890 Bismarck akaondolewa kazini na Kaizari mpya, Wilhelm wa Pili. Na tarehe 1 Julai 1890 serikali mbili zile zilitia sahihi mkataba mwingine: Ujerumani ikapata kisiwa kidogo cha Heligoland, kilicho mbele ya pwani yake, ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Hivyo visiwa vyetu vilitajwa katika karatasi ya Ulaya, wala hakuna mtu wa Pemba aliyeulizwa shauri.

7. Kitabu chake na miaka ya mwisho

Mwaka 1886 Bibi Salme alitoa kitabu kwa lugha ya Kijerumani, chenye habari za maisha yake. Alikiandika kwa ajili ya watoto wake, wapate kuijua asili yao. Humo alieleza jumba la Mtoni, mavazi na vyakula, sikukuu, ndoa na misiba, na uasi wa Barghash. Kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya namna hiyo vilivyoandikwa na mwanamke Mwarabu, na wataalamu wa historia ya Unguja wamekitumia sana. Tena kina kasoro. Alipoandika juu ya utumwa aliutetea, akiutazama kwa macho ya mtu aliyelelewa na watumwa, ingawa mama yake mwenyewe alikuwa ametekwa na kuuzwa. Msomaji mwenye busara hushukuru kwa mema yaliyomo, na yasiyo mema huyapima.

Mwaka 1888, baada ya Barghash kufa, alirudi Unguja mara ya pili, akamwomba Sultani mpya, Khalifa bin Said. Hakufanikiwa. Hakutaka kukaa tena Ujerumani, akaenda kukaa Jaffa, kisha Beirut kwa miaka mingi, mahali aliposikia Kiarabu kila siku. Mwanawe Rudolph akawa afisa katika jeshi la Ujerumani.

Mwaka 1914 alirudi Ujerumani, na mwaka huo vita kuu vikaanza. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, mbele ya mji aliokulia. Vita vikaenea bara, na wapagazi wengi sana wa Afrika ya Mashariki walikufa kwa njaa na maradhi. Mwaka 1918 Ujerumani ikashindwa, Kaizari akakimbia, na mwaka 1919 wajumbe wa Ujerumani walitia sahihi mkataba mzito huko Versailles, katika ukumbi ule ule wa vioo ambamo dola yao ilitangazwa mwaka 1871. Makoloni yao yote wakanyang'anywa.

Bibi Salme alikufa katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924, naye ana umri wa miaka 79. Alizikwa Hamburg pamoja na mumewe. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliouhifadhi miaka yote. Nao ukatiwa kaburini pamoja naye.

8. Tunayojifunza

Ujerumani haikupumzika baada ya kifo chake. Mwaka 1933 Hitler akashika serikali, na mwaka 1939 akaanzisha vita vikubwa kuliko vile vya kwanza. Rudolph, mtoto wa Bibi Salme, alikwisha kuiacha nchi ile. Mwaka 1934 akapewa uraia wa Uingereza. Dada yake Antonie alikufa Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha. Nchi ikagawanywa, na mwaka 1949 zikawa dola mbili, ya mashariki na ya magharibi. Tarehe 3 Oktoba 1990 zikaungana tena, na safari hii hakuna jeshi lililopigana.

Basi tuone tofauti. Muungano wa Bismarck ulikuwa kazi ya werevu mkubwa, na Wajerumani wengi waliufurahia. Lakini uliletwa kwa vita vitatu, na nchi iliyozoea kupata haja zake kwa mizinga iliendelea kuitumia mizinga hiyo mbele ya mji wa Unguja na mahali pengine, mpaka ilipovunjika yenyewe. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Barghash alipoteza nchi, watu wa bara walipoteza uhuru, na mjane alipoteza tumaini lake la mwisho.

Watu husema, mwacha asili ni mtumwa. Bibi Salme aliiacha nchi yake, dini ya baba zake na jina lake, na wako waliomlaumu mpaka leo, na wako wanaomhurumia. Lakini asili yake haikumwacha. Wafalme walimzuia asirithi hata mnazi mmoja. Hawakuweza kumzuia asiandike aliyoyajua. Mkataba wa mwaka 1885 na ule wa mwaka 1890 umekwisha nguvu, na dola zilizoitia sahihi zimebadilika. Kitabu cha msichana aliyejifunza herufi kwa siri kingali chasomwa. Mwanafunzi apewaye kalamu na karatasi mchana kweupe, na mwalimu wa kumwongoza, na aikumbuke habari hii kila afunguapo daftari lake.